Kitabu Hakirudi Bubu

Kioko alisema sitafika ukurasa wa hamsini. Mama Shiko, ambaye siku hizo aliuza vitabu vya mitumba juu ya gunia kwenye kona ya River Road, alisema nitafika, lakini kwa kurukaruka kama mtu anayevuka matope. Mwalimu, mama mwenye nyumba wangu, aliviangalia viatu vyangu vya ngozi nilivyonunua Doha, kisha akaiangalia rafu yake ya vitabu, nikaelewa kwamba hata yeye haoni jinsi hivyo viwili vitakavyokutana. Hao ndio waliotia shaka mwaka ule, na nawataja kwa sababu wote watatu walikosea. Nilikuwa nimetangaza mbele ya meza nzima ya chakula cha mchana kwamba nitasoma riwaya kumi na mbili kabla mwaka haujaisha, mimi ambaye hadi umri wa miaka thelathini na miwili sikuwa nimemaliza hata moja. Nilisoma kumi na nne. Wengine wangeishia hapo, wakapokea pongezi. Mimi nitaeleza na yale mengine.

Mwezi uliopita tulimuaga Mwalimu. Alikuwa Mhindu, mjane, mzaliwa wa Nairobi, mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi hadi alipostaafu, na mwili wake ulichomwa kwa desturi ya watu wake. Baadaye tulikaa nje kwenye viti vya plastiki tukapewa chai na biskuti. Hapo nikakutana tena na Kioko, ambaye ndevu zake zimekuwa nyeupe kabla ya zangu, na Mama Shiko, ambaye sasa anauza vitabu ndani ya duka lenye mlango. Kioko aliniuliza ninasoma nini siku hizi. Nikamwambia nimemaliza ile riwaya ambayo kila mtu anaisoma kwenye simu, ambamo mjane anaolewa na mwanamume aliyemuua mumewe, anajua kabisa kwamba ndiye, na mwandishi anataka tumpigie makofi. Niliizima simu nikatembea hadi langoni nikarudi. Sikuamini. Na kabla ya hiyo nilisoma ya wakili anayegundua kwenye ukurasa wa mwisho kwamba mtu aliyemfungisha maisha hakuwa na hatia. Ukurasa wa mwisho, jamani. Mtu amekupa siku zake nne, nawe unamwambia jambo kama hilo akiwa mlangoni anaondoka. Mama Shiko alisema mimi nashtuka tu tangu niteremke ndege. Kioko akakoroga chai yake, akasema polepole, "Afadhali hizo, Diploma. Hizo angalau ziko na mwanzo na mwisho ya kitabu moja." Mama Shiko alicheka hadi akashika ukuta, na wafiwa wakageuka kututazama. Nikaamua palepale kuuandika mwaka ule mwenyewe, kabla Kioko hajausimulia kwa namna yake.

Sitaeleza nilikozaliwa wala ndugu zangu walikuwa wangapi. Inatosha kusema kwamba niliondoka nchini nikiwa mpakiaji wa maboksi, nikarudi baada ya miaka sita nikiwa na diploma ya uchapishaji, niliyoisomea jioni tatu kwa wiki baada ya kazi bila kukosa hata kipindi kimoja. Hakuna aliyenilipia. Nilikodi chumba ghorofa ya pili, River Road, nikaweka mashine mbili za kuchapa na moja ya kukatia karatasi, nikaitundika diploma yangu mahali ambapo mteja akiingia angeiona kabla ya kuniona mimi. Fundi wangu alikuwa Kioko. Alikuwa amefanya kazi ile katika mtaa ule miaka ishirini bila cheti chochote, na tangu siku ya kwanza aliniita Diploma. Leo nina maduka matatu na nyumba za kupangisha kule Mutuini, na ninaweza kukiri kwamba jina lile halikuwa la heshima. Wakati ule niliitika kwa furaha.

Nyuma ya chumba chetu kulikuwa na ukuta wa mbao, na nyuma ya ukuta hoteli ya chakula cha mchana. Nasema hoteli kwa maana ya River Road: meza moja ndefu, mabenchi mawili, sufuria ya githeri ya mahindi na maharagwe, sufuria ya maharagwe matupu tunayoyaita madondo, na chapati zilizofunikwa kwa gazeti. Kupitia ukuta ule niliwasikia watu kabla sijawajua. Siku moja nilimsikia mwanamke akisema mchungaji yule alistahili kufa. Mwanamume akajibu kwamba hakustahili, mkewe ndiye aliyemponza. Sauti ya tatu ikauliza panga lilifichwa wapi basi, kama si kanisani. Niliiacha mashine ikizunguka tupu. Nilipozunguka kwenda kuuliza kama polisi wameitwa, nikamkuta Kioko, Mama Shiko, fundi cherehani wa ghorofa ya chini na mwuza dawa wa jengo la jirani, wote chapati mkononi, wananitazama. Walikuwa wakizungumza riwaya. Mama Shiko alinisogezea nafasi kwenye benchi, akasema, "Kwani huko Doha mlikuwa mnasoma nini?" Nikamjibu kweli: maandishi ya kwenye maboksi. Walicheka sana. Ndiyo siku niliyotangaza riwaya kumi na mbili.

Meza ile ilikuwa na sheria moja, aliyoitunga Mama Shiko. Hangeweza kusoma kila kitabu alichouza, kwa hiyo wana meza aliwakopesha bure, nao walimlipa kwa maneno. Ukirudisha kitabu unakaa mbele ya aliyekukopesha, unamweleza ulichokiona, kilichokupendeza na kilichokuudhi, kisha unaandika mistari miwili kwenye kikaratasi kilichobandikwa ndani ya jalada la nyuma na kutia jina lako. Kitabu hakirudi bubu, walisema. Mteja akisimama mbele ya gunia, Mama Shiko anatazama kikaratasi na anajua la kumwambia. Wengine nao walianza kukopeshana hivyohivyo. Kati yao, aliyepoteza kitabu alisamehewa, lakini aliyeandika uongo kwenye kikaratasi hakusamehewa, kwa sababu uongo ule ungeuzwa kwa mtu mwingine.

Desturi ya pili ililetwa dukani kwetu na Kioko. Riwaya nene ikikaa kwa mtu mmoja wiki tatu, wengine wananuna. Basi tangu zamani Kioko alikuwa akikipasua kitabu mgongoni kwa kisu, akakigawa nusu mbili, akazinyoosha kingo kwa mashine ya kukatia, na kila nusu akaivisha jalada lake la manila, ile karatasi ngumu ya rangi. Mmoja anasoma nusu ya kwanza huku mwenzake aliyetangulia anasoma ya pili. Wote wakimaliza, Kioko anaziunganisha kwa gundi, na kitabu kinatoka imara kuliko kilivyotoka kiwandani.

Miezi ya kwanza nilishtuka mfululizo. Katika riwaya yangu ya kwanza, muuguzi anamtilia mumewe sumu kwenye uji, ukurasa wa thelathini, redio ikiimba, halafu anaosha bakuli. Kwa wiki mbili nikawa sinywi uji nyumba za watu. Riwaya ya pili ilikuwa ya mapenzi: msichana anamwacha mpimaji wa ardhi, mtu mwenye kazi na kiwanja, anamfuata mpiga ngoma wa bendi asiye hata na godoro. Niliandika kwenye kikaratasi, "Msichana huyu hakuwa na mtu wa kumshauri," na mwuza dawa, ambaye kitabu kilikuwa chake, alikisoma kikaratasi kile kwa sauti kila mchana kwa wiki nzima. Sikujali. Nilikuwa nimemaliza. Lakini riwaya ya tatu, niliyokopeshwa na fundi cherehani, ilikuwa ya ukoo mzima, mababu hadi wajukuu, na biashara yangu ilikuwa inakua. Nilisoma kurasa sitini na maneno ya nyuma ya jalada. Kisha nikakaa mbele ya fundi cherehani, nikamwambia ni kazi nzito, imeandikwa kwa ustadi, nikaandika hayo na kutia jina. Alinishukuru. Nikashangaa jinsi ilivyo rahisi, na baada ya hapo nikafanya hivyo mara mbili zaidi.

Mwalimu nilimjua kwa sababu nilikuwa mpangaji wake. Nilikaa chumba cha nyuma ya nyumba yake, Mountain View, ambako mngurumo wa magari ya Waiyaki Way haukomi hata Jumapili. Jumapili alasiri alinikaribisha mezani. Sebule yake ilinukia kitunguu na karatasi za zamani. Tulikula dengu kwa chapati nyembamba zenye majani ya uwatu, na achari ya ndimu ambayo mara ya kwanza ilinitoa machozi, akaniambia nimeze, hakuna aliyewahi kufa. Kulikuwa na kiti cha mumewe, kando ya dirisha, kisichokaliwa na mtu. Nikisema "kitabu yangu" alingoja, mwiko mkononi, mpaka nirekebishe ndipo anipakulie. Nilimweleza kuhusu riwaya zangu kila Jumapili, na bila shaka nilijisifu, maana mtu asipojisifu nani atamsifu. Alisikiliza. Mwezi wa tano hivi, baada ya chai, aliinuka akachomoa kitabu kimoja kwenye rafu, kinene, chenye risiti ya duka la dawa ikichungulia katikati.

"Mume wangu na mimi tulikuwa tunasomeana," alisema. "Yeye ukurasa, mimi ukurasa. Tuliishia hapa penye risiti. Siku ya tatu yake akafariki. Sijakifungua tena, na sasa macho yangu hayafai, lakini hata yangefaa."

Nilimuuliza kinahusu nini. Ni mwanamume wa mji mdogo wa reli, aliniambia, aliyeaga asubuhi kwamba anakwenda kumwona fundi wa saa, asirudi. Mkewe anaitwa Selina. Anangoja.

"Kisome chote, Mutinda, unavyosoma wewe, haraka. Sihitaji hotuba. Nataka uniambie huyu mwanamke aliyengoja aliishia wapi. Nikijua hilo nitajua kama niombe mtu anisomee nusu iliyobaki, au nikiache."

Wiki ileile Mama Shiko alikuwa amenikopesha kingine cha unene uleule, cha mpelelezi wa bandarini, na Kioko alikuwa akivitaka vyote viwili. Kwa hiyo nikavipasua. Sikumwomba Mwalimu ruhusa. Nilijiambia kitamrudia na mgongo mpya na atashukuru. Kioko alitaka kuifanya kazi ile mwenyewe, nikamuuliza mwenye diploma yake kati yetu ni nani. Cha Mwalimu nilikipasua palepale penye risiti, baada ya ukurasa wa mia na hamsini na mbili, ambapo sura iliishia, na cha Mama Shiko nikakipasua ukurasa huohuo ili nusu zote nne zilingane kwenye mashine. Vilikuwa vitabu vya bei rahisi, havikuwa na jina la kitabu juu ya kila ukurasa. Nilikata manila ya kijani kwa cha Mwalimu na ya manjano kwa cha Mama Shiko. Nusu za kwanza nilizivisha vizuri. Kisha akaingia bwana mmoja aliyetaka kadi za harusi, akanieleza kuhusu rangi ya mashada kwa nusu saa, na nilipoirudia kazi yangu nusu za pili zilikuwa mezani zimelala pamoja, uchi, zinafanana kama mayai. Nilivisha moja kijani, nyingine manjano. Sikufungua hata mara moja kuangalia. Mtu mwenye cheti haangalii mara mbili.

Nilianza na cha kijani, Kioko akachukua cha manjano. Nusu ya kwanza ilinikaa moyoni. Selina anapika, anapokea barua ambazo si zake, anamsikia jirani akimcheka nyuma ya ua. Nilipofungua nusu ya pili, mstari wa kwanza ulianzia katikati ya sentensi, na ndani ya sentensi ile maiti iliangushwa sakafuni mwa ghala. Nilishtuka nikasimama. Sikujua kwamba mwandishi anaruhusiwa kuanza sura hivyo, bila hata herufi kubwa. Niliona ni ujasiri wa ajabu. Majina yote yalikuwa mapya, ya maofisa wa forodha na wafanyabiashara, lakini mezani nilikuwa nimesikia mara nyingi kwamba riwaya nzuri humficha mtu chini ya jina lingine, nami nikafanya hesabu yangu: maiti ile ni yule mume, alikimbilia bandarini, akabadili jina, akauawa na mshirika wake. Kila kitu kilikaa sawa. Selina hakutajwa tena hadi mwisho. Nikatafakari hilo kwa siku mbili kwenye mashine, nikapata maana yake pia. Alhamisi niliitangazia meza kwamba nimesoma riwaya kubwa kuliko zote. Kioko aliziba masikio, akasema nisimharibie, yeye bado yuko katikati ya manjano.

Jumapili nilivaa shati jeupe. Nilimweleza Mwalimu yote, jinsi mume alivyouawa ghalani, jinsi mpelelezi alivyofuata alama za viatu. Alikuwa ameshika kikombe chake cha chuma kwa mikono miwili.

"Na Selina?"

"Selina hatajwi tena, Mwalimu."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Na hapo ndipo ustadi ulipo," nikasema, nami naona aibu kuandika jinsi nilivyoegemea kiti. "Mwandishi anataka kutuonyesha kwamba anayengoja husahaulika. Hata kitabu kinamsahau."

Alinishukuru, akaanza kukusanya vyombo, akachukua na kikombe changu kikiwa nusu. Jumapili iliyofuata sikualikwa. Nilipopita sebuleni kulipa kodi niliona makasha sakafuni na rafu iko tupu. Vitabu vyote vya mumewe vilikuwa vimepangwa ndani ya makasha, na aliniambia kwa upole nimwombe Mama Shiko aje avichukue, achukue vyote, hataki hata kimoja. Nilidhani anataka nafasi. Watu huniambia ninashtuka haraka. Siku ile sikushtuka, na hilo ndilo jambo linalonishtua hadi leo.

Ilipita Alhamisi moja, ikaja ya pili. Nilikuwa nimefikisha ujumbe kwa Mama Shiko, naye alikuwa akitafuta mkokoteni wa kuchukua makasha. Kioko aliingia hotelini na cha manjano mkononi, nusu ya pili, akakitupa kando ya sahani yangu. Alikuwa na hasira na mwandishi. Alisema amemfuata mpelelezi kurasa mia na hamsini na mbili, anakaribia kumjua muuaji, anafungua nusu ya pili, hakuna mpelelezi, hakuna bandari, hakuna mtu. Amesoma kurasa kumi amechoka. "Kuna mama tu," alisema. "Ako jikoni anapika chai, anangojea bwana yake. Bwana gani? Mimi namtaka muuaji."

Mama Shiko aliuliza mama huyo anaitwa nani.

"Selina sijui nani."

Meza yote ilikuwa ikitafuna, mimi peke yangu nilikuwa nimeacha. Nilikivuta kitabu kile, nikafungua ukurasa wa mia na hamsini na tatu, na pale juu kabisa, kwa herufi kubwa na sentensi nzima, palikuwa na Selina. Alikuwa hajasahauliwa. Alikuwa ametajwa kwenye neno la kwanza. Kioko alinitazama kwa muda, na nikaona hasira ikimtoka taratibu na kitu kingine kikiingia.

"Diploma," alisema, "hizi vitabu zilifungwa na nani?"

Nilitoka hotelini bila kumaliza chakula. Kule Mountain View nilimkuta Mwalimu barazani, bakuli la njegere mapajani, akizimenya kwa kupapasa. Nilisimama, sikuthubutu kukaa. Nilimwambia kwamba niliyomsimulia ni mwisho wa kitabu kingine. Nilimwambia jinsi ilivyotokea, manila, kadi za harusi, kila kitu. Vidole vyake viliendelea na kazi, kisha vikasimama.

"Ulikikata."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Pale tulipoishia."

"Palepale."

Gari kubwa lilipita barabarani, tukangoja lipite. Nilitarajia anifukuze nyumba, na angekuwa na haki. Nilianza kusema kwamba nitakinunua kingine, kipya kabisa, akainua mkono.

"Kwa hiyo yumo," alisema. "Selina."

"Yumo. Sijui anaishia wapi, sijasoma. Kioko anasema anapika chai."

Alizirudia njegere zake. Zilidondoka kwenye bakuli moja moja. "Usisome peke yako," aliniambia hatimaye. "Kifunge vizuri ukilete. Utasoma hapa, kwa sauti, neno kwa neno, na usinieleze maana. Makasha mwambie yule mama asije kwanza."

Nilivifunga upya vitabu vile viwili siku iliyofuata, Kioko akiwa amesimama begani kwangu. Hakunicheka kama nilivyoogopa. Alinionyesha jinsi yeye hutia alama ya kalamu kwenye mgongo wa kila nusu kabla hajapasua, msalaba kwa kitabu kimoja, duara kwa kingine, jambo ambalo halikuwamo katika masomo yangu yote. Nilimwambia hivyo. Alisema anajua halikuwamo. Tangu siku ile mimi hutia alama, na mafundi wangu wote katika maduka yote matatu hutia alama.

Lakini nikiwa na gundi mkononi nilijiuliza ni vikaratasi vingapi mle mtaani vina jina langu chini ya maneno nisiyoyajua. Vilikuwa vitatu, mbali na yale niliyomsimulia Mwalimu kwa mdomo. Alhamisi nilisimama mezani nikasema. Nilisema cha Mwalimu kwanza, halafu vile vitatu, na kwamba nitavisoma upya na kuwalipa wote kabla ya mwaka kuisha. Hakuna aliyepiga makofi. Mama Shiko alisema tu kwamba mpaka wakati huo, mbali na vile ninavyodaiwa, sitakopeshwa hata gazeti. Miezi ile nilisoma wakati wa mapumziko, benki nikiwa foleni, kinyozi akininyoa. Ile ya ukoo mzima niliimaliza kwa wiki tano, na kwenye ukurasa wa mia tatu nilishtuka nikampigia simu fundi cherehani saa za kazi, kwa sababu mchimba visima ambaye kila mtu alimdharau ndiye baba wa watoto wote. Nilipokwenda kukaa mbele yake rasmi, nikakata maneno yangu ya zamani kwa kalamu na kuandika mapya, aliniambia alijua tangu siku ile ya kwanza. Mtu aliyefika mia tatu, alisema, hawezi kuja akiwa ametulia vile. Alikuwa amenyamaza kuona kama nitarudi. Kwa mwuza dawa nilikuwa na viwili vya namna hiyo, na kimoja, kwa kweli, kilikuwa kibaya, nami nikamwambia ni kibaya na kwa nini, tukabishana hadi akachelewa kufungua duka. Cha bandarini nilikisoma tangu mwanzo kama kilivyo na nikamwambia Mama Shiko kwamba hata nisingekuwa nimeusoma mwisho, muuaji ningemtambua mapema. Alisema nimtajie ukurasa. Nikamtajia. Akanipa kalamu.

Akabaki Mwalimu. Tulisoma Jumamosi tatu, alasiri, mimi kwenye benchi la mlangoni penye mwanga, yeye mezani, kiti cha dirishani kikiwa wazi kama siku zote. Nilisoma neno kwa neno wala sikueleza maana. Aliponizuia ilikuwa ni kunifundisha pa kupumua. Selina alifungua kibanda cha chai kituoni. Alizeeka kidogo. Yule jirani aliyemcheka akafa, naye akamlilia. Jumamosi ya tatu, zikiwa zimebaki kurasa nne, mume akarudi. Miaka tisa imepita, amenenepa, amevaa koti zuri, anasimama mlangoni anabisha na kuita jina lake. Selina yuko ndani. Anaitambua sauti na hata kikohozi. Anaitoa sufuria jikoni taratibu ili isitoe mlio, anakaa chini sakafuni, anasubiri. Mume anabisha hadi jua linashuka, kisha hatua zake zinaondoka kuelekea kwenye reli. Basi. Niligeuza kitabu nikakagua mgongo kuona kama gundi yangu ilikuwa imemeza ukurasa. Haikuwa imemeza kitu.

"Ndio mwisho?" aliuliza Mwalimu.

"Ndio mwisho."

"Haya. Nilipe."

Nikamlipa. Nilimwambia kwamba nimeshtuka kuliko nilivyowahi kushtuka, na kwamba sikukipenda. Nilimwambia mimi mwenyewe nimewahi kuwa mtu wa kurudi, nimesimama na masanduku mawili mbele ya mlango nisijue nitapokewaje, na mwandishi huyu hajui njia ile ilivyo ndefu. Nilisema Selina amengoja kurasa mia tatu na halafu amekosa kufanya jambo moja dogo la kuinuka. Pengine ana haki, nikasema, lakini mimi nisingeweza kukiweka kitabu hiki karibu na kitanda changu. Nilisema yote hayo bila kuegemea kiti, maana benchi halikuwa na mgongo.

Uso wa Mwalimu sikuweza kuusoma. Nilidhani nimemuumiza tena.

"Mimi ningefungua," alisema. "Ningemtukana kwanza, matusi ya miaka tisa yote, na majirani wangesikia. Halafu ningefungua."

Akanisukumia kalamu juu ya meza. Aliniambia niandike hivyo kwenye kikaratasi nilichokuwa nimebandika ndani ya jalada la nyuma, yake juu kwa jina lake, yangu chini, kwa herufi kubwa ili macho yake yajaribu. Nikaandika. Aliinama hadi pua ikagusa kikaratasi, akafuata mistari kwa kidole mpaka mwisho, akasema niongeze nukta. Nikaongeza nukta. Siku ile hapakubaki mtu hata mmoja Nairobi niliyekuwa na deni lake.